Ukikwama, kwama pazuri: niliyowaambia wanakikoba wenzangu siku ya kugawana

Jumapili iliyopita tulivunja kikoba chetu cha mwaka, mwenyekiti akaniomba niseme machache kuhusu ujenzi kwasababu kila Desemba tukigawana tu hela, jumatatu yake nusu ya wanachama wako dukani kwangu. Niliongea bila karatasi, mwanangu akarekodi kwa simu, nimeandika karibu kama nilivosema, nimetoa tu majina ya watu na zile sehemu ambazo mtoto wa mtu alilia karibu na spika.

Mwenyekiti wetu, mama mlezi shikamoo, mweka hazina uliyetupiga faini mwaka mzima bila huruma, akina mama wenzangu, na nyie akina baba wanne mliojibanza huko nyuma mkidhani hatuwaoni, poleni na jua. Nitajitahidi niwe mfupi maana pilau imeshaanza kunukia na sijawahi kuona mtu aliyeshindana na pilau akashinda.

Mimi mnanijua, nina duka la hardware pale njia panda, nauza simenti, nondo, misumari, mpaka vitasa vya milango. Kwahiyo najua wengine mnasema moyoni huyu kapewa maiki aje kutafuta wateja. Sawa, biashara ni biashara, lakini mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona nusu ya ninayosema ni msinunue. Mume wangu akiisikia hii rekodi atanuna.

Haya. Swali ninaloulizwa kila siku dukani ni hilohilo, mama nanii nifanyeje ili ujenzi wangu usikwame? Na jibu langu huwa haliwafurahishi watu. Utakwama. Panda bajaji hapa Madale mpaka Goba, au shuka Mivumoni, alafu hesabu maboma, yale majumba yenye kuta tupu bila paa. Kuna moja lina mpapai umetokezea dirishani, na mpapai wenyewe umeshazaa, watu wanachuma. Sisi wengi hapa hatujengi kwa mkopo wa benki, tunajenga kwa kikoba, kwa mshahara, kwa mahindi ya shemeji yaliyouzwa vizuri mwaka huo, nyumba inaenda kadri hela inavyoingia, miaka mitano, saba, kumi. Mimi kiwanja nimenunua 2014, nimehamia 2021, na nimehamia haina dari, tulikuwa tunalala tunayaangalia mabati. Kwahiyo mtu akikuambia yeye atajenga mwanzo mwisho bila kusimama mpongeze, ana hela. Sisi wengine tuulizane kitu kingine, ukikwama unakwama wapi? Maana kuna hatua nyumba inaweza kukaa hata miaka mitatu inakusubiri wala haina kinyongo na wewe, na kuna hatua ukiiacha miezi miwili tu umeshapoteza milioni.

Tuanzie chini kabisa. Kuna jirani yangu, leo hayupo kwahiyo nitamsema kidogo, alipata hela mwezi wa pili akaita vijana wakachimba msingi wote kwa siku tatu, mtaro mzuri umenyooka, akapiga picha akaweka status. Tofali hana, mawe hana. Akasema hela nyingine inakuja mwisho wa mwezi. Ikaja mvua badala ya hela. Mitaro ikajaa, kuta zake zikabomokea ndani, vyura wakahamia kabla ya mwenye nyumba, na alipokuja kuanza mwezi wa saba alilipa watu wachimbe upya, tena safari hii ikabidi wachimbe kwa kupanua kwasababu udongo ulishalegea, na ukipanua mtaro umeshaongeza zege la chini, umeongeza kila kitu. Sasa mtu kama huyu utasema alikwamishwa na mvua? Hapana bwana. Mtaro hauchimbwi mpaka tofali za msingi ziko saiti, zimepangwa, umezihesabu kwa mkono wako.

Ukishajenga msingi usiuache hivohivo ukiwa haujajazwa kifusi ndani alafu nje umerundika udongo upande mmoja, ule udongo ukilowa unasukuma. Na kama una nguzo, zile nondo zinazochungulia juu kama mikono ya watu wanaoomba msaada, zipakeni uji wa simenti au mzivishe nailoni mzifunge, hela yake haifiki hata ya soda za watoto. Nondo ya Dar ikikaa mwaka kwenye hewa yetu hii ya chumvi inaanza kumenyeka kama ganda la muhogo.

Jamvi, ile sakafu ya zege juu ya msingi. Hapa naomba mnisikilize kweli, nyie mnaopiga stori huko. Jamvi ni mahali pazuri kuliko pote pa kusimamia ujenzi, ukishamwaga jamvi na likakomaa unaweza kwenda kusomesha mtoto mpaka amalize ukarudi utalikuta. Lakini katikati ya jamvi hakuna kusimama. Nyumba yangu ina ufa sebuleni, ukija kwangu nitakuonesha, unaanzia mlango wa jikoni unapita chini ya kochi unatokea kwenye korido, umenyooka kama mtu kapiga rula. Ule siyo ufa wa ardhi. Ile ni alama ya saa nane mchana siku simenti ilipoisha. Nilikuwa na mifuko 40, fundi akasema mama tuanze tu nyingine si inakuja, na kweli ilikuwa inakuja, lori lilikwama kwenye kile kilima cha kabla ya daraja, likaja kufika kesho yake saa nne. Zege la jana lilishakauka, la leo likamwagwa pembeni yake, hayakushikana mpaka leo na nimeweka vigae juu yake mara mbili, vyote vimepasuka palepale.

Na hesabu yake wala siyo ngumu, hakuna aliyenifundisha mapema ndo shida. Nyumba ya mita za mraba 100, jamvi la sentimita 10, hizo ni kyubiki 10 za zege, yaani mita za ujazo 10. Zege la moja mbili nne, yaani simenti moja mchanga mbili kokoto nne, kila kyubiki inakula mifuko sita na kitu. Kwahiyo unahitaji kama mifuko 64, weka 70, na yote 70 iwe imelala saiti ndo uite mashine ya kuchanganyia. Ukiwa nayo 60 usiite. Ukiwa na 40 kama mimi, kaa nyumbani upike chai.

Boma nalo likifika lenta, ule mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha, na zile kozi tatu za tofali za juu, funga kichwa cha ukuta kwa mchanganyiko mzito wa simenti na mchanga maji yasiingie kwa juu, hapo pia ni pazuri, linasubiri. Ila kusimama kabla ya lenta, ukuta mrefu umesimama peke yake hauna kitu kinachoushika kichwani, hapana, bora ungebaki na jamvi lako.

Sasa nafika kwenye hizi benchi. Nyie wa mstari wa nyuma hebu angalieni mlichokalia. Hizo mbao mbili kwa nne mnaona zilivyopinda? Mweka hazina kila mwaka analalamika benchi zinayumba. Hizo ni kenchi zangu za 2017, mbao za kubebea paa.

Ilikuwa hivi. Februari 2017 nikapata mbao kwa bei nzuri, mzigo umetoka Mafinga, mbichi kabisa, ukizishika zinalowesha kiganja. Mabati nilishalipia mwezi wa kwanza kwa jamaa mmoja, sitamtaja na duka lake lilishafungwa, mabati ya rangi, unene wa geji 28, akaniambia wiki mbili. Fundi wangu naye akasema mama mimi nina kazi Kibaha mwezi wa tatu, tupige kenchi sasa hivi, bati likija tunaezeka siku mbili. Nikaona ina mantiki. Tukapiga kenchi, papi za kugongelea bati zote juu, nyumba ikawa na umbo, nakumbuka nilikaa kwenye ndoo chini ya mti jioni ile nikaiangalia nikalia kidogo. Wiki mbili zikapita. Nampigia jamaa, koili, lile roli la bati, iko bandarini. Wiki ya nne, imetoka bandarini ila mashine imeharibika. Wiki ya sita simu haipokelewi. Masika ikaingia, siku mvua, siku jua kali, siku mvua, na mbao mbichi ukiifanyia hivo inageuka nyoka. Bati likaja wiki ya kumi na moja. Fundi akapanda juu, akashuka, hakuniambia kitu, akaenda kunawa uso kwanza. Tulishusha zaidi ya nusu ya zile mbao. Mabati yalikuwa mazima, hela ya mbao ilikwenda, hela ya fundi ikalipwa mara mbili, na mimi nikapata benchi za kikoba.

Ndo maana nawaambia, kwenye kupaua utaratibu ni kinyume na wanavyofanya watu. Watu wananunua mbao kwanza kwasababu ndo zinaanza kupigwa. Nunua mabati kwanza. Bati halinyauki, likikaa pakavu miaka miwili litakuwa bati, liweke tu lisipate maji katikati ya bati na bati maana likilowa likiwa limebanana linatoa madoa meupe. Misumari haiozi ukiiweka vizuri. Mbao ziwe za mwisho, zinunuliwe wiki ambayo fundi amesimama mlangoni na nyundo, na kama unaweza pata za dawa zilizokauka.

Nikirudi kwenye vifaa kuadimika. Watu mnakujaga dukani mnanisema, mama nyie wafanyabiashara mmeficha simenti. Wapo wanaoficha, siwezi kuwatetea. Lakini nataka muelewe vitu vinavyokuwaga nyuma. Sisi wa Madale tunakaa mlango wa pili na kiwanda cha Wazo Hill, na bado kuna wiki naambiwa hamna mzigo, unajiuliza inawezekanaje. Simenti inaanzia kwenye klinka, mawe ya chokaa yanachomwa kwenye tanuru kwenye nyuzi kama 1,450, tanuru lile siyo jiko la mkaa uzime uwashe, kiwanda kikilizima kwa matengenezo linakaa muda, na kiwanda kimoja kikizima wateja wote wanahamia kwa waliobaki. Makaa ya mawe ya kuwashia tanuru nayo yanatoka kule Ruvuma kwa malori. Miradi mikubwa ya reli na bwawa nayo ilikuwa inakula simenti kwelikweli. Mnakumbuka Novemba 2020? Bei ilipanda mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akawaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie kwanini. Mimi dukani ndani ya wiki chache nilibadilisha kile kibao cha bei mara tatu, mara ya tatu nikakiondoa kabisa nikaacha watu waulize kwa mdomo, niliona aibu.

Alafu barabara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta yale mafuriko, barabara ya kusini ikakatika pale Somanga, na simenti ya Mtwara inapita hapohapo, haina njia ya mkato. Mafuta yakipanda, na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanatangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi kwahiyo wala siyo siri, alhamisi yake dereva wa kokoto ameshaongeza bei ya tripu, wakati mwingine anaongeza hata yakishuka. Hata maji jamani. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua tukaingia kwenye mgao, nilimuona mtu ana kila kitu, simenti, mchanga, fundi kakaa, anasubiri boza la maji siku ya nne. Kwahiyo uhaba haupigi hodi kwa jina moja, leo simenti, kesho maji, keshokutwa dereva.

Sasa mtu akisikia simenti itaadimika anafanya nini? Anakimbia kununua mifuko mia. Na mimi namuuzia, nifanyeje. Ila leo nipo kwenye kikoba siyo dukani kwahiyo nawaambia ukweli, msinunue simenti ya kuweka. Simenti inavuta unyevu kwenye hewa hata kama mfuko haujafunguliwa, ikikaa miezi mitatu imeshapungua nguvu, sita ndo kabisa. Kuna mwalimu mmoja mteja wangu, mtu mzima mwenye akili zake, alijaza mifuko 80 kwenye chumba cha uani, kaipanga moja kwa moja chini kwenye sakafu imeegemea ukuta, akasafiri na uhamisho. Karudi baada ya mwaka anachukua mfuko wa kwanza, jiwe. Wa pili, jiwe. Sasa hivi ile mifuko ndo ngazi ya kupandia kwenye banda lake la kuku, bado ina maandishi ya kiwanda.

Unataka kuhifadhi simenti? Ihifadhi kama tofali. Hii hamtaisikia kwa muuza simenti mwingine. Tofali halina tarehe ya kuisha, ukilimwagilia wiki nzima asubuhi na jioni linazidi kuwa gumu, mwizi akitaka kuiba tofali mia tano lazima aje na lori na watu, na bei ikipanda wewe yako imeshageuka ukuta unaosubiri tu kusimamishwa. Umepata laki tano leo, mwite mfyatua tofali aje afyatulie kwako, mchanga wako, simenti yako, wewe umekaa kwenye kiti unaangalia. Mfuko mmoja utoe tofali 30 na kidogo za inchi sita. Ukinunua za barabarani unakuta mfuko mmoja kautolea 50, unalishika tofali linakuachia mchanga mkononi kama visheti. Na hesabu tofali 10 kwa kila mita moja ya mraba ya ukuta, hapo utajua ramani yako inakula ngapi badala ya kumuuliza fundi ambaye kila ukimuuliza anakutajia namba tofauti.

Mchanga na kokoto pia ni vya kuweka mapema, wakati wa kiangazi, lori linafika bila kusukumwa. Ila tripu ya mchanga ipimeni, siyo kuiangalia tu kwa macho, chukua futi pima urefu upana na kimo kabla hajainua bodi. Na mchanga wenye unyevu kidogo unavimba, unaweza kuvimba robo nzima, kwahiyo akikuletea umelowanishwa vizuri ukadhani kakujazia, ukikauka unashuka na wewe unabaki unajiuliza nani kaiba mchanga usiku.

Kipindi vitu vimeadimika ndo kipindi cha feki, hii niliiona sana. Nondo ya 12 inaingia sokoni ikiwa kumi na moja, kwa macho huioni tofauti. Njoo na mzani. Sina utani, nondo ya milimita 12 ya urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 10 na nusu na ushee, ya milimita 10 kilo saba na kidogo, ikipungua sana hapo imekondeshwa. Mwenye duka akikataa upime ondoka. Hata mimi nipimieni, nitanuna ila nipimieni.

Alafu kuna huu mchezo, hakuna nondo za 12 mjini, fundi anasema tuweke za 10 tuongeze moja, palipokuwa na nne tuweke tano. Inaonekana ni sawa si ndio? Siyo sawa. Nondo nne za 12 ukizikata ukapima eneo la ule uso uliokatwa zinalingana na za 10 karibu sita. Sita, siyo tano. Na hizo sita ukizibananisha kwenye lenta nyembamba zege halipiti katikati, kwahiyo kabla hujabadilisha muulize injinia aliyekuchorea, meseji moja tu ya WhatsApp, au subiri wiki mbili nondo zije. Kusubiri wiki mbili ukuta ukiwa umesimama kwenye kozi ya lenta kunaumiza lakini lenta ikikatika utasubiri maisha yako yote.

Mafundi. Niliahidi sitawasema maana mume wa mwenyekiti ni fundi na yupo hapa, shikamoo kaka. Ila ukweli ni kwamba ukiambiwa saiti imesimama kwasababu ya vifaa, mara nyingi ni fundi ameshika saiti tatu. Anakutajia kitu ambacho anajua huna, leo anataka binding waya, ule wa kufungia nondo, ukileta binding waya anataka misumari ya inchi nne, unaleta moja moja kwa bodaboda na yeye yuko Kigamboni anapiga plasta kwa mtu mwingine. Dawa yake ni moja, aandike orodha yote ya hatua nzima kabla ya kuanza, kwa mkono wake, akisahau kitu boda ya kukifuata inatoka kwenye hela yake. Mlipe kwa hatua, na ibaki kipande cha mwisho mkononi kwako mpaka umeona kazi. Lakini na sisi tujiseme, kuna mama hapa kamkalisha fundi siku tano bila kumpa hata ya kula anasema mzigo uko njiani, huyu naye ana watoto, akiitwa Kibaha asiende? Ukijua vifaa havipo mwambie ukweli siku mbili kabla, akatafute kibarua kingine, atarudi na moyo mweupe.

Na ukimwachia mwenye duka hela yako uchukue mzigo baadae, hata duka langu, andikisheni. Siyo risiti ya jumla tu imeandikwa mabati. Iandikwe geji, rangi, idadi, urefu, bei imefungwa au inaweza kupanda, siku ya kuchukua, na asipoleta siku hiyo unarudishiwa hela au inakuwaje. Mimi 2017 nilikuwa na risiti imeandikwa mabati, tarehe, na sahihi inayofanana na mnyoo. Nilipoenda kulalamika serikali ya mtaa mtendaji aliisoma akaniuliza mama, mabati gani?

Nadhani nimemaliza, mpishi ananionesha mkono. Kuna dada aliinua mkono pale, haya uliza.

(Hapa aliuliza kwamba leo amegawiwa milioni tatu na laki mbili, boma lake liko juu ya lenta tangu mwaka jana, fundi amemshauri anunue mbao zote sasa hivi kwasababu zitapanda, na kama itabaki anunue vigae vya sebuleni kuna ofa.)

Vigae? Dada yangu, utavilaza juu ya nini, mvua inanyeshea ndani! Tuhesabu. Leo ni Desemba. Masika inaingia Machi. Una kama wiki kumi na mbili. Hiyo milioni tatu na mbili kwa mabati na misumari na kofia za paa inaweza isitoshe, mbao bado, fundi bado. Una uhakika wa hela nyingine kabla ya mwisho wa Januari? Huna. Basi mwaka huu hupaui, usiumie. Leta vipimo vya paa lako tuhesabu bati ngapi, nunua mabati, yaweke kwa mama yako kule pakavu, masika ipite, mwezi wa sita utatafuta hela za mbao na fundi. Boma lako liko pazuri, kafunge tu vichwa vya kuta mifuko miwili ya simenti inatosha. Na usininunulie leo, bei ulizia maduka matatu kwanza.

(Alicheka akakaa. Jumatatu alikuja dukani mapema kabla sijamaliza kufagia, akachukua mifuko miwili, akapakia kwenye bodaboda, vipimo vya paa aliviandika nyuma ya bahasha ya kikoba.)